Pima mafuta mwenyewe, hata wakikununia

Wiki iliyopita dada mmoja anayejifunza urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aliniandikia. Mwalimu wake alimfokea mbele ya wenzake kwa kuwa alipanda kupima mafuta kwenye tangi ilhali safari ilikuwa imeshachelewa dakika kumi. Anauliza kama amuombe radhi. Nimeusoma ujumbe wake mara nne, na kila mara narudi kwenye mbuga za Isinya.

Nilikuwa na saa 46 tu za kuruka. Siku hiyo nilikwenda peke yangu Amboseli na kurudi, kwa Cessna 152, ndege ndogo ya viti viwili. Ndege hiyo hubeba galoni 26, zinazotumika 24.5, lakini wakiruka wawili mara nyingi haijazwi kwa sababu ya uzito. Ilikuwa imetoka kurushwa na mwenzangu. Karatasi ilisema yamebaki mafuta ya saa tatu, na geji hazikubisha. Mwalimu akatazama saa yake, nami nikaona haya kumchelewesha. Kijiti cha kupimia kikabaki nyuma ya kiti.

Kosa la pili nililifanyia angani. Wilson yenyewe iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Ukipanda zaidi hewa inazidi kuwa nyepesi, na usipovuta kile kitasa chekundu kupunguza mafuta, injini hunywa kupita kiasi. Sikukivuta. Wakati wa kurudi upepo ukanikabili, nikaona jinsi ardhi ilivyokuwa ikisogea polepole, nikajiambia nitafika.

Injini ilikohoa mara mbili, ikazima. Nilikuwa kama futi 3,000 juu ya ardhi, yaani dakika nne hivi. Nikashika noti 60, kasi ya kuelea bila injini. Nikajaribu vali ya mafuta, kitasa, joto la kabureta, swichi ya magneto zinazotoa cheche za injini. Wapi! Nikatangaza dharura redioni kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Barabara ya Namanga ilinivuta, lakini ina malori na nyaya, nikaiacha. Moshi wa boma moja ulinionyesha upepo unakotoka, nikachagua nyasi zilizo mbele yake, nikafungua milango kabla ya kugusa chini isije ikakwama. Gurudumu la mbele lilipinda kwenye shimo. Mimi sikupata hata mchubuko. Vijana wawili wachungaji walikuja mbio, mmoja akanipa maji kabla hajaniuliza chochote.

Tangi zote mbili zilikuwa kavu.

Mwalimu yule yule aliyetazama saa aliwaambia wenzangu kwamba sifai kuwa rubani. Leo nina zaidi ya saa 4,000, nimewatoa wagonjwa kwenye viwanja vya vumbi huko kaskazini, na kauli ile bado inaniuma. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini haraka ile haikuwa yangu peke yangu.

Aibu ndiyo inayoua, dada yangu. Januari 1990 ndege ya Avianca, shirika la Kolombia, Boeing 707, ilizungushwa angani muda mrefu ikisubiri zamu ya kutua New York. Marubani waliwaambia waongozaji kuwa mafuta yanaisha, lakini neno la dharura halikutamkwa. Watu 73 walikufa. Marubani hao walikuwa watu wazima wenye uzoefu.

Kwa hiyo usiombe radhi. Panda, chovya kijiti, soma, kisha piga hesabu upya kwa ulichokiona wewe, si kwa karatasi ya mwenzako. Mafuta ya nusu saa, akiba ya safari za mchana, usiyaguse. Ukiona upepo umekula muda wako, tua kwenye kiwanja kilicho karibu, upige simu ukiwa chini. Waache wanune. Na kabla hujaruka, pima tena.

Umesema safari yako ya peke yako ni Jumamosi. Nitumie ujumbe ukishatua, uniambie kijiti kilisoma galoni ngapi ulipoondoka na ngapi uliporudi.