Mtafiti mmoja, darasani na kwenye macho
Umeuliza inakuwaje mtafiti mmoja wa akili mnemba ashike elimu na afya kwa pamoja. Mwangalie Chris Piech wa Chuo Kikuu cha Stanford (sehemu ya utoto wake ilikuwa Nairobi, kwa taarifa yako). Mwaka 2015 yeye na wenzake walionyesha kompyuta ikipitia mfululizo wa majibu ya mwanafunzi, aliyopata na aliyokosa, kisha kukadiria kama swali linalofuata atalipata. Mwaka 2020 wakatoa kipimo cha macho: badala ya kushuka mistari ya herufi kwenye chati ya ukutani, programu huchagua ukubwa wa herufi inayofuata kulingana na ulivyojibu, na huzingatia hata kwamba mtu hubahatisha au huteleza. Tatizo lenyewe ni la aina moja. Uelewa wa mtoto huuoni, uwezo wa jicho huuoni. Vyote unavikadiria kutokana na majibu. Tofauti ni gharama ya kukosea. Mwanafunzi akipewa swali jepesi mno atapiga miayo tu, ila mgonjwa akipimwa vibaya anaweza kucheleweshewa matibabu. Kwa hiyo programu ya darasani naweza kuijaribu kesho, ya hospitali nitataka kwanza kuona imejaribiwa kwa wagonjwa gani.