Anayepigiwa Simu Akiwa Likizo: Kwa Afisa Rasilimali Watu Anayeanza Kazi

Ukiingia katika ofisi ya rasilimali watu kwa mara ya kwanza utakabidhiwa makabati ya mafaili, orodha ya mishahara, ratiba ya likizo na pengine shauri moja au mawili yanayosubiri kusikilizwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na utaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba kazi yako ni kuhakikisha karatasi hizo hazina kasoro. Karatasi lazima ziwe sawa, hilo halina mjadala. Lakini mshindani wa mwajiri wako anazo karatasi kama hizo hizo, na hakuna mteja aliyewahi kurudi dukani kwa sababu ya faili lililopangwa vizuri.

Mimi nilijifunza hivyo kwa hasara, katika kiwanda cha unga wa ngano jijini Dar es Salaam. Mitambo yetu ilikuwa ya aina ile ile waliyokuwa nayo wenzetu, na ngano yetu ilishushwa katika bandari ile ile, mara nyingine kutoka katika meli moja na ya kwao. Hata hivyo waoka mikate waliulizia unga wetu kwa jina, kwa sababu haukuwageuka: uliokandwa Jumatatu uliumuka sawasawa na uliokandwa Ijumaa. Kwa miaka miwili nilidhani sifa hiyo ni ya mitambo.

Ilikuwa ya fundi mmoja wa zamu ya usiku. Ngano huloweshwa maji kidogo na kupumzishwa kwa saa kadhaa kabla ya kusagwa, ili ganda lake lisikatike ovyo na litoke kwa vipande vikubwa badala ya kusagika na kuuchafua unga. Kiasi cha maji na muda wa kuipumzisha hutegemea ngano yenyewe, na ngano inayoagizwa kutoka nje haifanani shehena kwa shehena. Maabara ilimpa vipimo vya unyevu, naye alivisoma, kisha akaenda kwenye rola za kusagia, akachota unga kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akasikiliza mlio wa mtambo, akakaza au kulegeza rola kwa kiasi ambacho mimi niliyesimama pembeni sikukiona. Faili lake lilikuwa na cheti cha darasa la saba, onyo moja la kuchelewa kazini na daraja la mshahara lisilobadilika kwa muda mrefu. Katika tathmini ya mwaka, niliyoisimamia mwenyewe, alipata alama za wastani.

Siku moja alikuja ofisini baada ya zamu, unga bado uko kwenye nyusi, akaniambia: "Mwanangu, nyongeza nitashukuru, lakini kubwa ninaloomba ni kijana mmoja wa kunifuata nyuma. Hii kazi sioni ninamwachia nani." Nilimjibu kwa adabu zote kwamba bajeti imeshafungwa na kwamba maombi yote yataangaliwa mwisho wa mwaka. Hakuusubiri. Alileta barua ya kuacha kazi, na kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi sheria ya ajira inataka notisi isiyopungua siku 28. Kwa siku hizo tukajaribu kuhamisha ujuzi wa miaka kumi na minne: kijana ameshika daftari, mzee anajitahidi kuyatafutia maneno mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Meneja alipomwahidi mshahara mkubwa zaidi ili abaki, alishukuru na kukataa. Huko alikokuwa anakwenda walikuwa wamempa vijana wawili wa kuwafundisha.

Tangu hapo sitafuti vipaji kwa kuanza na vyeo. Ninauliza swali moja kila idara: ni nani hupigiwa simu akiwa likizo? Majina yatakayotajwa mara nyingi hayamo katika orodha ya watumishi wanaoandaliwa kwa uongozi, maana orodha hiyo kwa kawaida hujaa wenye shahada na wanaojua kuzungumza vikaoni. Utatajiwa karani wa stoo anayejua ni msambazaji gani hupunja uzito, dereva anayejua ni saa ngapi mizani ya barabarani huwa na foleni, au dada wa mapokezi ambaye wateja wakorofi humtii. Mashine mshindani ataiagiza na bei ataishusha, lakini ujuzi wa aina hii hawezi kuununua sokoni, isipokuwa wewe mwenyewe umfungulie mlango mtu anayeubeba.

Msidhani kwamba suala hili ni la kubahatika kupata watu wazuri. Kiwanda cha magari cha General Motors kilichokuwa Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migogoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, viongozi wa chama chao wakiwamo. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza, na waliporudi kila mmoja aliruhusiwa kuvuta kamba ya kuomba msaada na hata kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji anapoona kasoro, jambo ambalo zamani lingemfukuzisha kazi. Utoro ulishuka sana, na ubora wa magari ukakaribia ule wa viwanda vya Japani. Mimi hujiuliza ni mafundi wangapi kwetu wanaoiona kasoro ikipita mbele yao na kunyamaza, kwa kuwa aliyesema mara ya mwisho aliitwa mjuaji.

Kuhusu mshahara sina mengi. Semina zitawaambia kwamba fedha si motisha. Anayesema hivyo muulizeni kwanza amelipwa kiasi gani kuja kusema. Mshahara uliopitwa na soko humfukuza mtu, ingawa mshahara mzuri peke yake haumzuii kuondoka.

Hoja mtakayoisikia zaidi ni kwamba tukimfundisha ataondoka. Ni kweli, baadhi wataondoka, na mikataba ya kumfunga mtu kwa miaka kadhaa baada ya mafunzo husaidia kidogo tu, kwa sababu anayebaki kwa kufungwa hafundishi wenzake. Kinachopunguza hasara ni kuhakikisha ujuzi muhimu haukai kichwani mwa mtu mmoja. Vijana wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA na wanafunzi wa fildi wanakuja kila mwaka, nasi tunawapa kazi ya kutoa nakala na kuagiza chai. Mpangeni kila mmoja nyuma ya fundi anayepigiwa simu, na huyo fundi alipwe posho ya kufundisha, hata kama ni ndogo, ili ajue kwamba kufundisha kumehesabiwa kuwa kazi.

Mkienda kuomba fedha hizo, msimpelekee meneja maneno kama ari na mshikamano. Mimi nilimpelekea hesabu ya mifuko iliyorudishwa na waoka mikate katika miezi iliyofuata kuondoka kwa yule mzee, nikaiweka kando ya mshahara wa kijana mmoja kwa mwaka mzima. Hakuuliza swali la pili.

Daftari la siku zile 28 bado ninalo. Karibu nusu yake ni tupu. Katika ukurasa wa mwisho ulioandikwa kuna kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, "Ngano iliyonyeshewa melini", na chini yake hakuna kitu.