Bomba la sabufa halikatwi kwa macho

Boksi langu la kwanza la sabufa nililitengeneza nyumbani Tabata, kwa spika ya inchi 12 niliyoinunua Kariakoo. Lita 60 za ndani, mbao za MDF za milimita 18, gundi ya kutosha, silikoni kila kona. Kwa bomba, yaani njia ya hewa kuingia na kutoka kwenye boksi, nikachukua kipande cha PVC ya inchi nne kilichobaki fundi alipotengeneza choo. Kilikuwa sentimita 15, nami nikakiweka hivyohivyo.

Kwenye singeli lilipiga hadi madirisha yanatetemeka. Kisha jioni moja nikaweka wimbo wenye besi ya chini sana, nikapandisha sauti. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza, ikawa inaruka mbele na nyuma kama inataka kuchomoka, na besi yenyewe haisikiki. Muda si mrefu nikasikia mkwaruzo. Koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, ilishaharibika, na hela yangu imekwenda.

Chukua chupa tupu ya soda, puliza mdomoni. Italia kwa sauti moja. Tia maji nusu, puliza tena: sauti imepanda, maana hewa ndani imepungua. Boksi lenye bomba ni chupa hiyohiyo. Hewa ya ndani ni kama springi, hewa iliyo ndani ya bomba ni kama uzito unaoning'inia juu yake, na vikiwa pamoja vina mtetemo wao mmoja. Hapo ndipo boksi limetyuniwa. Kwenye mtetemo huo koni karibu haichezi, kazi kubwa inafanywa na bomba. Ukishuka chini yake, hewa haiizuii tena koni, nayo inaruka ovyo. Ndicho kilichoua spika yangu.

Hesabu ya urefu wa bomba ni hii, kwa bomba la duara. Zidisha 23,562 kwa kipenyo cha ndani cha bomba (sentimita) mara mbili, yaani kipenyo kwa kipenyo. Gawanya kwa Hz (mitetemo kwa sekunde) unazotaka boksi lityuniwe, nazo zizidishwe zenyewe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa lita za boksi. Mwisho toa 0.73 ya kipenyo. Kwa boksi langu, bomba la sentimita 10 na 35 Hz, inakuja sentimita 25 hivi. Mimi niliweka 15, kwa hiyo lilikuwa limetyuniwa karibu 42 Hz. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi la nyaya nne, usipobonyezwa, unalia 41 Hz, kwa hiyo muziki mwingi ulinipendeza na sikujua kwamba kuna hatari chini yake.

Lita hizo ni za hewa inayobaki. Toa nafasi inayoliwa na spika, mbao za kukazia na bomba lenyewe. Lile la sentimita 25 linakula kama lita mbili na nusu.

Mafundi wengi watakwambia uongeze bomba la pili ili besi iongezeke. Mabomba mawili yanasaidia kweli kama moja linapuliza kwa kelele, lakini kwa 35 Hz zilezile kila moja litahitaji sentimita 57 hivi. Ukiyaacha mafupi, umepandisha tyuni bila kujua. Na mwisho wa bomba ndani ya boksi uache nafasi hadi ukutani, isipungue kipenyo chake.

Siku hizi nakata bomba refu kuliko hesabu, naliweka bila gundi, kisha napima. Programu ya simu inayotoa toni moja moja inatosha. Sauti ndogo, kidole juu ya koni taratibu, naanza 50 Hz na kushuka moja moja. Kuna mahali kidole kinahisi koni imetulia ghafla huku upepo ukitoka kwa nguvu bombani. Hz hizo naziandika kwa penseli ubavuni mwa boksi. Zikiwa chini ya ninazotaka, nakata sentimita moja, napima tena.

Kama amplifaya yako ina kichujio cha kukata besi za chini kabisa, kiweke Hz chache chini ya tyuni. Spika yangu ya pili inaendeshwa hivyo, kwenye boksi lilelile lenye bomba jipya.