Maswali na Majibu: Maonyesho ya Nyaraka Yaliyokwisha Fungwa

Maktaba ya chuo chetu ina maboksi ya maonyesho ya miaka iliyopita: lebo, mabango, picha. Tuyapangeje? (Mkutubi, Ubungo)

Kila onyesho lipate jalada lake. Ndani weka orodha ya vitu vilivyotolewa pamoja na namba zake za hifadhi, maandishi ya lebo, picha ya kila kabati, na tarehe ya kufungua na kufunga. Tarehe ndiyo husahaulika, na ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa bila hiyo hamtajua karatasi imekaa mwangani siku ngapi. Lebo isiyo na namba ilinganisheni na picha za siku ile. Mabango makubwa yapigeni picha kisha yatupeni. Yanakula nafasi tu.

Mkimaliza, nendeni rafuni na orodha mkononi. Mara nyingi waraka "uliopotea" umelala ndani ya bahasha ya onyesho la zamani. Tangu sasa, kila kinachotoka kiachiwe kikaratasi mahali pake: namba, tarehe, kimekwenda wapi.

Gazeti letu la Februari 1967, la habari za Azimio la Arusha, limegeuka rangi ya chai, ila kona moja ina mstatili mweupe. Kwa nini? (Msaidizi wa maktaba, Kigamboni)

Hapo ndipo lebo ilipolalia. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa ambao lignini yake, yaani kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, haikuondolewa. Mwanga na hewa huigeuza rangi, nayo hairudi tena.

Pigeni hesabu. Luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga; ukizidisha kwa saa unapata luksi-saa, jumla ya mwanga ulioipata karatasi. Kwa mwanga wa luksi 50, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 12 ni luksi-saa 28,800. Sogezeni kabati dirishani penye luksi 500, na kiasi hichohicho kitamalizika kwa saa 58 hivi, yaani wiki moja ya siku 6 na siku moja na kidogo. Kuzima taa usiku hakufuti cha mchana. Gazeti hilo lirudi gizani. Safari ijayo onyesheni nakala iliyoskaniwa, na lebo iseme wazi kuwa ni nakala.

Kioo cha kabati kinatoka jasho asubuhi. (Ukumbi wa maonyesho, Kurasini)

Kiyoyozi kinapoza chumba mchana kutwa, jioni kinazimwa, kisha hewa nzito ya Dar inaingia na kukutana na kioo ambacho bado ni cha baridi. Nyuzi 26 usiku na mchana ni afadhali kuliko 18 za saa za kazi. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu huota.

Punje za silika, zinazonyonya unyevu, husaidia iwapo zimekaushwa kwanza na kabati halivuji hewa. Kama linavuja, zitashiba upesi na kubaki pambo. Ziwekwe chini ya rafu, zisiguse karatasi. Na kama tarehe iko mikononi mwenu, epukeni masika, Machi hadi Mei. Kipupwe ndicho chenye nafuu.

Tunashikilia barua kwa selotepu. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Changanyikeni)

Ubaya mkubwa. Gundi hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia hata plastiki ikibanduka. Tumieni vipande vyembamba vya poliyesta (aina ya plastiki) vinavyozunguka barua na kuunganishwa nyuma ya ubao, kwa kulegeza kidogo.

Barua za mhadhiri aliyefariki ni mali ya maktaba. Tunaweza kuzichapisha kwenye kijitabu? (Mkutubi, Ubungo)

Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Kwa sheria ya mwaka 1999, haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Iombeni familia ruhusa kwa maandishi, na nakala yake iingie kwenye jalada la onyesho.