Miche ya nyanya ilelewe barazani, si sebuleni

Huku Mabatini, Mwanza, tunaishi juu ya mawe. Bustani yangu ni vipande vya udongo vilivyobaki katikati ya miamba, na mvua ya vuli ikishuka mlimani haiachi kitu. Mwaka juzi nilisia nyanya palepale chini. Usiku mmoja tu, kitalu chote kikaenda na maji.

Shemeji yangu aliyeko Norway akanishauri nisie ndani kama wao. Kule mwezi Machi bado kuna theluji, kwa hiyo vikopo hukaa dirishani wiki 6 hadi 8. Nikafuata ushauri wake. Mbegu ziliota siku ya sita, lakini miche ikarefuka kama nyuzi, yote imeinamia dirisha. Kwao jua hupita chini, likaingia hadi ndani. Kwetu karibu na Ikweta, mchana jua liko utosini, na upenu wa bati unalikinga. Chumba unachosomea gazeti bila taa, kwa mche ni giza.

Sasa naweka barazani upande wa mashariki, ipate jua hadi saa tano. Chupa za maji nazikata, natoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Udongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja, pumba za mpunga moja. Samadi ikinuka zizi, bado, iache. Mbegu izame sentimita 1 tu.

Kinachoua miche mingi ni maji. Jioni unauacha mche umesimama, asubuhi umelala, shina limesinyaa pale linapogusa udongo, kana kwamba limebanwa na uzi. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche, na mche ulioanguka hauinuki tena. Mimi kiliniulia vikopo 11 kati ya 20, kwa sababu nilimwagilia asubuhi na jioni. Siku hizi navisimamisha kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, udongo wa juu ukilowa navitoa. Sirudii mpaka udongo upauke.

Kuku nao wazuie kwa chandarua chakavu. Kizima kibaki kitandani, mbu wa huku ziwani tunawajua.

Mbegu za pilipili hoho usizifukue ukidhani zimeoza, zinaweza kuchukua wiki mbili kuota. Nyanya zikifika wiki ya nne, zina majani matano hivi, zizoeshe jua kali kidogo kidogo kwa siku saba. Halafu pandikiza jioni, kila mche na bonge lake la udongo.