Kujiandaa kuondoka kwenye malezi ya kambo

SWALI: Mimi ni mlezi wa kambo wa binti ambaye mwakani atatimiza miaka 18 na kuanza kujitegemea. Ameahidiwa kazi, lakini hajawahi kushika mshahara. Nimwandae vipi?

JIBU: Ndugu mlezi, anza na karatasi kabla ya pesa. Mwajiri na benki watamtaka kitambulisho, pengine na cheti cha kuzaliwa, na nyaraka za watoto waliohamishwa kaya hadi kaya huweza kubaki kwenye majalada ya ustawi wa jamii. Zidai sasa, wakati afisa wake bado anawajibika kwake. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake mwenyewe.

Linalowaangusha wengi ni mwezi wa kwanza, kwa kuwa mshahara kwa kawaida hulipwa baada ya kazi kufanyika, ilhali pango, mara nyingi pamoja na amana, na nauli ya kwenda kazini hudaiwa mapema. Akiba yake ya kwanza izibe pengo hilo, si kununua simu mpya. Kaeni na hati ya mshahara, hata yako, aone kiasi kinachobaki baada ya kodi na makato, kisha apange matumizi yeye mwenyewe, nawe ujizuie kumshikia kalamu. Akiombwa kumdhamini rafiki mkopo, akatae.