Barua kwa Mwanangu: Usinunue Oveni Bado

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mwanga, Kigoma, pamoja na mumeo na wajukuu zangu. Sisi huku hatujambo. Baba yako miguu humsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda hutoka barazani kama kawaida yake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, kisha nikavaa miwani na kuziangalia vizuri picha ulizonitumia. Umeniuliza kama ukope fedha ununue oveni ya umeme, au uachane kabisa na kujaribu vitu unavyoviona mtandaoni, kwa kuwa keki ya asali imeungua juu na kubaki mbichi katikati, na mishumaa sita ya nta uliyoiandaa kwa shughuli ya wifi yako imepasuka yote. Unasema mkaa ndio unaokuangusha. Jibu langu ni kwamba usikope, na usiache, kwa sababu nimeyasoma maelekezo uliyoyafuata na nimeona kosa lilipo, nalo haliko kwenye mkaa.

Maelekezo yale yanasema keki iokwe kwa joto la 350. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba ulipoiona namba hiyo uliongeza mkaa chini na juu, ukaupepea mpaka mfuniko wa sufuria ukaanza kubadilika rangi. Mwanangu, hizo 350 ni nyuzi za Farenhaiti, kipimo wanachokitumia Marekani. Kwa nyuzi za Sentigredi ni kama 177 tu. Ulikuwa unatafuta joto la karibu mara mbili ya lile lililotakiwa, na hakuna keki inayolivumilia, iwe kwenye jiko la mkaa au kwenye oveni ya gharama yoyote. Ungekuwa na hiyo oveni ungezungusha kitufe chake mpaka mwisho, keki ingeungua vilevile, na deni lingekuwa palepale likikusubiri.

Kwa hiyo, kabla hujapima unga, jiulize kwanza maelekezo yanatoka wapi. Yakitaja vikombe, aunsi na vijiti vya siagi, mwandishi wake ni wa Marekani, na kijiti kimoja cha siagi ni gramu 113. Yakitaja gramu na unga unaoumuka wenyewe, huenda ni ya Uingereza, ambako unga huo huuzwa ukiwa umekwisha kuchanganywa na beking pauda. Ukitumia ngano yetu ya kawaida mahali pa unga huo bila kuongeza chochote, utatoa kitu kizito kama tofali. Ongeza vijiko viwili vya chai vya beking pauda kwa kila gramu 150 za unga, uchekeche pamoja.

Jambo la kikombe ndilo lililonifanya nisilale mapema jana. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240. Wewe umesema ulipimia kile kikombe cha bati chenye maua ya bluu, ambacho mimi ninacho pacha wake. Leo asubuhi nilichukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, nikaimimina ndani ya kikombe hicho taratibu mpaka maji yakafika ukingoni, kisha nikaitazama chupa: ilikuwa imebaki chini ya theluthi yake. Maana yake kikombe chetu kinachukua karibu kikombe kimoja na nusu cha wale. Unga ulioambiwa vikombe vitatu, wewe uliweka zaidi ya vinne. Asali nayo ikaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Lakini mayai yalibaki matatu, maana yai halipimwi kwa kikombe, na beking pauda ilibaki vijiko vile vile. Keki ya namna hiyo ingeumuliwa na nini? Halafu ukaukandamiza unga ndani ya kikombe ili ujae vizuri, jambo ninalolijua kwa sababu ni mimi niliyekufundisha kupima unga wa ugali hivyo. Unga wa keki humwagwa kwa kijiko na kusawazishwa juu kwa kisu bila kushindiliwa. Ukipimwa hivyo, kikombe cha Marekani huwa na gramu 120 hivi, ila ukishindiliwa hufika hata 150.

Ukitaka kutumia fedha, tumia kwa mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya oveni, nayo itakusaidia kwenye keki, kwenye nta na kwa kila kitu utakachojaribu baadaye. Wakati hujaipata, mimina chupa moja ya nusu lita kwenye glasi mbili zinazofanana mpaka maji yalingane, uweke alama ya wino kwa nje. Hapo kila glasi ni mililita 250, na hizo kumi zilizozidi hazitakudhuru.

Sasa moto wenyewe. Keki za harusi zilizotoka katika nyumba hii, unazozikumbuka wewe na ndugu zako, zote zilipikwa kwa sufuria kubwa, mchanga na mkaa, kwa hiyo nakuambia ninachokijua. Mchanga uwe msafi na mkavu, wa kina cha vidole viwili, na juu yake uweke vijiwe vitatu ili chombo cha keki kisiguse mchanga. Mkaa wa chini uwe mchache, na mwingi ukae juu ya mfuniko, kwa sababu joto la chini hupanda lenyewe na ndilo linalounguza kitako cha keki. Pasha sufuria tupu kwanza. Kisha chukua kifuniko cha kopo, nyunyiza unga mkavu kidogo, ukiweke ndani na kufunika, uhesabu dakika 5. Ukifunua ukakuta unga una rangi ya dhahabu iliyokolea kidogo, kama maandazi yanapogeuzwa mara ya kwanza, hilo ndilo joto la kati wanaloliandika 350. Ukiwa kahawia ya kahawa, punguza mkaa wa juu na usubiri. Ukiwa bado mweupe, ongeza. Bibi yako alikuwa akifanya hivyo kila mara, na hakuwahi kumiliki kipimajoto.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo, kwa kuwa nakupenda. Umesema mvua iliponyesha ulihamishia jiko ndani na kufunga dirisha. Usirudie. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala usingizi asioamka. Keki ikinyeshewa, iache inyeshewe.

Asali nayo ina tabia yake. Ina maji ndani, karibu sehemu moja ya tano ukipenda kukadiria kwa urahisi, au tuseme asilimia 17 hadi 20, na ni tamu kuliko sukari. Ukiiweka mahali pa sukari, kwa kila kikombe kimoja cha sukari inatosha robo tatu ya kikombe cha asali, na upunguze maziwa vijiko vitatu vikubwa. Hubadilika rangi upesi kuliko sukari, ndiyo maana keki ya asali hutaka moto wa chini kidogo kuliko keki ya kawaida. Kwenye ule mtihani wa unga, ngoja mpaka dhahabu iwe hafifu. Asali ina uchachu pia, kwa hiyo nusu kijiko cha chai cha baikaboneti huisaidia keki kuumuka. Ya huku kwetu, inayotoka kwenye mizinga ya magome porini, ni nyeusi na ina moshi kwa mbali. Usitegemee rangi ya kwenye video, ambako wametumia asali nyepesi ya maua mengine. Keki yako itakuwa ya hudhurungi, nayo itakuwa imeiva.

Kuhusu mawese uliyouliza kama yanafaa badala ya siagi: kwenye mkate na maandazi ndiyo, kwenye keki hii hapana. Siagi ikikorogwa na asali mpaka ikawa nyeupe hubeba hewa inayoinua keki, na mawese yatafunika ladha ya asali uliyoigharamia.

Usinakili vipimo vyangu vya zamani moja kwa moja, ingawa najua daftari unalo. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na wewe hapo ziwani uko chini ya mita 800 ukiwa ufukweni. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na keki huumuka kwa haraka kisha huweza kudidimia, kwa hiyo mimi hupunguza beking pauda kuliko ilivyoandikwa. Wewe huna sababu ya kupunguza.

Nije kwenye mishumaa. Picha inaonyesha nyufa zinazotoka kwenye utambi kwenda ukingoni, na umeniambia uliitumbukiza kwenye karai la maji baridi ili igande upesi kabla mgeni hajafika. Nta hujikunyata inapopoa. Ikipoa nje ghafla huku ndani ikiwa bado ya moto, lazima ipasuke. Pasha glasi kwa maji ya uvuguvugu na uzikaushe kabisa, mimina nta ikiwa imeanza kutulia, halafu uzifunike kwa kitambaa kizito mbali na upepo wa ziwa na kuziacha mpaka kesho yake. Ule mmoja uliowaka kidogo na kuzimika ulikuwa na utambi mwembamba. Nta ya nyuki ni nzito kuliko nta ya mishumaa ya dukani, inataka utambi mnene zaidi. Suka nyuzi tatu za pamba badala ya kutumia mmoja.

Isitoshe, wale wa mtandaoni hununua nta iliyosafishwa, yenye punje nyeupe kama mchele, wakati yetu inatoka kwenye masega ikiwa na majivu na mabawa ya nyuki. Uchafu huo ndio unaoziba utambi. Iyeyushe pamoja na maji, uichuje kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, uiache igande usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeelea kama sahani ya njano, na chini yake pana tabaka la tope la kahawia. Likwangue kwa kisu, urudie mara ya pili. Utajua imekuwa safi pale utakapoishika juani na vidole vyako vikaonekana upande wa pili kama kivuli.

Wala usiiyeyushe kamwe juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu, kwa hiyo kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji linatosha kabisa. Nikiwa binti niliiweka moja kwa moja jikoni nikaenda kujibu hodi, na niliporudi sufuria ilikuwa inawaka mpaka karibu na makuti. Nilikuwa nimeshainua ndoo ya maji. Bibi yako alinishika mkono, akachukua mfuniko mpana akaufunika ule moto, akausukuma kwa mti mpaka ukafa wenyewe. Baadaye alinieleza kwamba maji yangeirusha ile nta ikiwaka na kutumwagia sote wawili. Kwa hiyo mfuniko uwe karibu nawe kila unapoyeyusha, na watoto wawe nje.

Unasikitika kwamba dada yule kwenye video anamaliza kila kitu ndani ya dakika moja. Mama, video hiyo imekatwa. Hukuona saa aliyosubiri keki ipoe, hukuona oveni ikipashwa, wala hukuonyeshwa keki mbili au tatu alizozitupa kabla ya ile aliyoipiga picha. Nikichagua maelekezo mtandaoni, maana sasa na mimi nayasoma kwenye ile simu uliyoninunulia, humtafuta anayetaja gramu, anayesema chombo chake kina ukubwa gani, na anayeonyesha ilivyokuwa ilipoharibika. Asiyesema lolote kati ya hayo humtazama kwa kujifurahisha, kisha naendelea na kazi zangu.

Oka keki ile ile Jumamosi tatu, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara na kukiandika. Baada ya hapo zikitoka tatu zinazofanana, na majirani wakaanza kuuliza bei, hapo oveni tutaizungumza, na sitaki iwe ya mkopo wa simu. Kikundi chenu cha akina mama kinatosha. Ujue pia kwamba oveni ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kujizima hula uniti moja na nusu za umeme, na hiyo uihesabu ndani ya bei ya keki kabla hujamtajia mteja.

Nimekufungia nta kilo mbili ambayo haijasafishwa, makusudi, na chupa tatu za asali. Mdogo wako anasafiri kwa treni wiki hii, mpokee stesheni kwa sababu mzigo ni mzito. Chupa yenye uzi mwekundu shingoni ni ya keki, hizo mbili nyingine ni za chai ya watoto. Ukishafanya mtihani wa unga nipigie picha ya kile kifuniko cha kopo kabla hujaweka keki ndani, nione rangi.

Ni mimi mama yako.